Nauza Nikon D600 ila sensa ina madoa, nisafishe kwanza au niuze hivyo hivyo?

Kijana_wa_Mabibo

Wakuu habari za jioni. Nina Nikon D600 nataka kuiuza maana nahamia mirolesi (kamera zisizo na kioo ndani), kazi zangu nyingi siku hizi ni video za sendofu na harusi na hii kamera kwenye video inanichosha, ukiwasha skrini fokasi inasaka saka mpaka bibi harusi keshapita keshakaa. Bodi ni nzima, ina betri mbili, chaja na lenzi ya 50mm f/1.8. Raba ya sehemu ya kidole gumba imeanza kulegea kidogo ila haijabanduka. Nimeiweka mil 1.2 na maongezi yapo.

Sasa tatizo ni sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Jamaa wa kwanza kuja kuicheki alikuwa mjuzi, hakuhangaika hata na kupiga picha mtu, akaweka f/22 (namba ikipanda tundu la lenzi linabana na madoa yanaonekana zaidi) akapiga ukuta mweupe wa duka, akazumu, akaniambia kaka hii kamera ina tetekuwanga. Akaniaga hapo hapo. Nikaangalia na mimi, kweli kuna madoa madogo madogo meusi, mengi yamejazana juu kushoto. Kwenye kazi zangu siyaoni kwa sababu ukumbini natumia f/2.8 mpaka f/4 basi, sijawahi kufika huko f/22 labda kwa bahati mbaya.

Sasa naombeni ushauri, nisafishe kwanza ndo niuze? Na nikisafisha nifanye mwenyewe au nipeleke kwa fundi, maana kuna fundi mmoja mjini kanitajia elfu themanini nikaona hiyo hela ya kupuliza vumbi tu mbona nyingi. Halafu mnunuzi namwambia au nakausha? Kuna mshkaji wangu ananiambia we picha za tangazo piga na f/2 mambo yaishe.

mzee_wa_kudaka

Huyo mshkaji wako asije akakuuzia gari 😂😂

FundiLenzi_K

Mkuu kwanza huyo aliyekuja hakukuonea, hiyo D600 ndo kamera yenyewe iliyosifika dunia nzima kwa hilo jambo. Ilitoka Septemba 2012, haikupita muda watu wakaanza kulalamika madoa kwenye sensa, na wote wanasema kona ile ile, juu kushoto. Februari 2013 Nikon wakatoa tangazo la kwanza wakawa wanazunguka mbuyu, ooh vumbi ni jambo la kawaida, tumia bloa (kile kipira cha kupulizia hewa), isipotoka lete kwa mafundi wetu. Oktoba mwaka huo huo wakaleta D610 ambayo ukiitazama ni kamera ile ile isipokuwa shata mpya (lile pazia la mbele ya sensa linalofunguka ukipiga picha, ndo lilikuwa linatema mafuta) na vitu viwili vitatu. Februari 2014 ndo wakakubali kusafisha na kubadilisha shata bure hata kama waranti imeisha, na mwezi uliofuata televisheni ya taifa ya China, CCTV, ikawaanika kwenye kipindi chao cha haki za walaji na mamlaka za kule zikaagiza isiuzwe tena. Kwa hiyo yeyote anayejua kamera akisikia tu D600 swali lake la kwanza ni madoa, la pili ni je shata ilishabadilishwa. Huwezi kulificha, jina la kamera lenyewe linakusemea.

Sasa nikujibu la kusafisha, na soma taratibu maana hapa ndo watu wanaharibu vitu vya watu.

Kwanza piga picha ya kipimo. ISO 100, f/16 inatosha, hiyo f/22 inaonyesha hata vitu ambavyo hakuna mteja atakuja kuviona maishani. Elekeza kwenye anga lisilo na mawingu au ukuta mweupe, fokasi toa kwenye oto uivuruge makusudi, na wakati shata iko wazi itikise kamera kidogo. Usiogope picha kuwa na ukungu, unataka ukuta upotee yabaki madoa peke yake, doa la sensa halihami hata ukitikisa kamera vipi. Kama una wasiwasi labda ni lenzi, badilisha lenzi upige tena, doa likibaki pale pale ni sensa. Na kama kuna kidoti chenye rangi, chekundu au cha kijani, kikali, kinaonekana hata kwenye f/2, hicho sio uchafu, ni pikseli imekwama, usiisugue bure.

Halafu elewa picha inaingia kwenye sensa juu chini. Doa unaloliona juu kushoto kwenye picha, ukitoa lenzi ukaitazama kamera usoni, liko CHINI kushoto. Watu wengi wanasafisha juu mpaka basi wakija kupiga doa bado lipo wanasema swabu (kijiti chenye kitambaa laini cha kusafishia sensa) ni feki.

Kusafisha kwenyewe anza na kile kitetemeshi cha ndani ya kamera, kipo kwenye menyu, iweke kamera imekaa kwa kitako mezani ndo inafanya kazi vizuri. Baada ya hapo bloa ya mkono ya mpira. Betri iwe imejaa, ingia menyu ya setapu, kuna sehemu ya kunyanyua kioo kinachokaa mbele ya sensa kwa ajili ya usafi, bonyeza shata kioo kitapanda na kubaki juu. Shika kamera mdomo wake uangalie chini ili kinachotoka kidondoke, puliza puliza, ncha ya bloa isiingie ndani kugusa chochote, ukimaliza zima kamera kioo kirudi. Nasema betri ijae kwa sababu ikianza kuisha kioo kikiwa juu kamera itakupigia kelele na kitaa kitamweka mweka, na baada ya kama dakika mbili kioo kinashuka uwe umemaliza au hujamaliza. Usije ukatumia balbu, ile shata ya muda mrefu, kufungulia sensa, kidole kikiteleza tu shata inafunga huku kifaa chako kiko ndani.

Usipulize kwa mdomo, ni mate. Usitumie makopo ya hewa, yanatema majimaji ya baridi. Usiende kwa jamaa wa gereji eti akupulizie na kompresa, ile hewa ina mafuta na maji ndani. Pamba za masikio zinaacha nyuzi. Spiriti ya famasi, thina, wipsi za mtoto, pafyumu (ndio nimeshaletewa kamera iliyopakwa pafyumu, ilinukia kweli), vyote hapana.

Bloa ikishindwa ndo unaenda kwenye swabu na dawa yake maalum. Kwako ni fulu fremu, yaani sensa kubwa, ina 36 kwa 24 milimita, kwa hiyo swabu ya upana wa 24, zile za 16 ni za kamera za sensa ndogo. Matone mawili ya dawa kwenye ncha, acha sekunde chache inyonye, weka upande mmoja wa sensa, buruta mpaka upande wa pili mara moja tu bila kusimama, geuza swabu, rudi nayo, tupa. USIRUDIE SWABU. Najua ni bei, na najua tunapenda kufua fua vitu tuvitumie tena, ila chembe moja ya mchanga iliyoganda kwenye swabu ndo inachora mstari ambao hautoki milele. Unachogusa sio sensa yenyewe, ni kioo cha filta kilicho juu yake, lakini kikichanika kukibadilisha kwa kamera ya umri huo bora uitupe.

Elfu themanini kama ni swabu mpya, dawa halisi na anakupa picha ya kabla na ya baada, sio wizi. Kama anakupulizia tu na bloa, nunua bloa yako.

Kijana_wa_Mabibo

Aisee FundiLenzi_K ubarikiwe sana mkuu, hiyo ya juu chini sikuwa naijua kabisa. Bloa ninayo, swabu naagiza.

Dalali_Mstaafu

Mi napingana nanyi wote. Usisafishe. Uza hivyo hivyo, mwonyeshe mnunuzi madoa, shusha laki moja mfunge mjadala. Unajua kwanini, ukisafisha leo D600 inang'aa, mtu anachukua kwa mil 1.2 anafurahi, akipiga harusi mbili tatu madoa yanarudi maana shata bado ni ile ile, anakuja mlangoni na ndugu zake anasema ulimpaka rangi kamera. Hapa mjini ukishaitwa tapeli hata ukiuza jiko la mkaa wataliuliza limepasuka wapi.

FundiLenzi_K

Dalali una hoja nusu. Vumbi la kawaida na yale ya D600 ni vitu viwili tofauti. Vumbi bloa inalitoa. Matone ya mafuta ya shata bloa hata iweje hayatoki, unayajua kwa sababu ni duara safi kabisa, wakati mwingine katikati kumeangaza kidogo. Sasa afanye hivi, asafishe, halafu ASIIUZE siku hiyo. Aende nayo kazini kama kawaida, akirudi apige tena ile picha ya f/16. Kona ya juu kushoto ikiwa imejaa tena basi shata ni ile mbovu na ukweli auseme. Ikibaki safi, au kuna moja mbili tu, basi ama shata ilishabadilishwa ama imeshatema mafuta yake ikamaliza, maana wamiliki wengi wa D600 walisema mwanzoni ndo inatema sana halafu inapungua kadri inavyopiga. Na hata D600 yenye madoa ni kamera ya pikseli milioni 24 inayotoa picha ambayo bibi harusi atailipia, shida ni kwa wapiga mandhari na wapiga majengo wanaotumia f/11 kwenda juu. Mtafute mnunuzi wa watu, sio wa milima.

Bi_Shungi_Unguja

Kaka naomba niongezee, mnahangaika na sensa tu hiyo lenzi mmeiangalia? Sisi huku pwani wanunuzi tunaanza na lenzi. Toa lenzi, fungua apacha (tundu la lenzi) yote, washa tochi ya simu kwa nyuma utazame kwa mbele ukiinamisha inamisha. Ukiona kama nyuzi za buibui zimetambaa ndani ya kioo hiyo ni fangasi, na bei haishuki laki hapo, inaporomoka. Vumbi kidogo ndani ya lenzi halina neno, kila lenzi ya zamani inalo na kwenye picha halionekani.

Fangasi wanakuja kwa unyevu, na Dar na huku kwetu unyevu ndo hewa yenyewe tunayovuta. Lile begi la kamera unalolifunga na kulitia kabatini giza totoro ndo shamba lao. Mimi natumia kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, ndani vile vipakiti vya silika jeli, na kidude cha kupima unyevu cha bei ndogo, nakazana kisipande sana juu ya 50 na wala kisishuke chini sana maana raba nazo hukauka. Vile vipakiti vikishalewa maji havisaidii kitu, zile chembe zinazobadilika rangi nazipasha moto zinakauka nazirudisha kazini.

Na kwa mtakaonunua hiyo kamera, kubadilisha lenzi Jambiani upepo wa kusi unavuma halafu mtu anasema sensa mbovu, jamani. Zima kamera, mpe upepo mgongo, mdomo wa bodi uangalie chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi kifuniko kimeshalegezwa. Na kile kifuniko cha bodi kisitiwe mfukoni pamoja na makombo ya kashata, mnakirudisha na vumbi lake lote ndani.

mzee_wa_kudaka

Makombo ya kashata umenipiga mimi hapo dada yangu

Kijana_wa_Mabibo

Mrejesho wakuu. Nimefanya kama alivyosema FundiLenzi_K. Bloa imetoa yale makubwa makubwa yenye umbo la hovyo, yale maduara ya kona yakagoma kama alivyotabiri. Swabu zikafika, nikapitisha moja, nikacheki, nikapitisha ya pili. Mkono ulikuwa unatetemeka sio siri, na nilivyofunga feni na madirisha ili vumbi lisiingie chumba kikawa kama tanuri. Kona imebaki na viwili vya kufifia kwenye f/16, kwenye f/8 sivioni kabisa. Jumamosi nilienda nayo kwenye kazi nzima kuanzia saluni mpaka kukata keki, nimerudi nikapima, bado viwili vile vile. Lenzi nimeiangaza na tochi kama alivyosema dada, kuna vumbi, nyuzi hakuna.

Karatasi ya kubadilishiwa shata sina maana na mimi nilinunua mkononi. Kuna njia ya kujua imepiga picha ngapi? Kila anayenipigia anauliza.

FundiLenzi_K

Safi sana. Nikon ni rahisi, namba ya shata inaandikwa ndani ya kila picha. Piga JPEG moja mpya, ichukue kama ilivyo bila kuipitisha kwenye programu yoyote ya kuedit, ipandishe kwenye tovuti zinazosoma taarifa za ndani za picha utaiona. Shata ya D600 Nikon waliipima kwa mapigo 150,000, sio kwamba ikifika hapo inakufa, wengine inapita wengine haifiki, lakini ndo kipimo watu wanachotumia kwenye bei. Ila kama mwenye kamera wa kwanza alibadilishiwa shata usishangae namba isiwiane na uchakavu wa bodi. Na wenye Canon msijaribu hivyo, nyingi hazihifadhi namba hiyo kwenye picha, mpaka uchomeke waya wa USB na programu.

Kitu cha muhimu, ukimtumia mnunuzi picha ya kipimo usiitume WhatsApp kama picha, inabanwa, madoa yanapotea na taarifa zote zinafutika, atadhani unaficha. Itume kama dokyumenti.

Salio_Kwanza

Wataalamu mmemaliza ya kamera mi niongee ya hela maana hapo ndo watu wanalia. Mkikutana mkutane mchana, sehemu ya watu, sio getini kwako na sio kwenye gari ya mtu. Mpe kamera aijaribu na memori kadi YAKE, aje nayo. Akisema ametuma hela usisome meseji, meseji za uongo zinatengenezwa na zinafanana kila herufi, piga *150*00# kama unatumia M-Pesa angalia salio lako mwenyewe, mitandao mingine na yenyewe ina menyu zake. Anayekuambia ana haraka mama yake amelazwa, mwombee dua halafu endelea kucheki salio.

Andikishianeni. Karatasi moja, jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya seriali ya bodi na ya lenzi, tarehe, saini zenu na shahidi. Hii inakulinda wewe ikitumika kwenye uhalifu na inamlinda yeye isije ikawa ya wizi. Kwa upande wa mnunuzi, kamera za Nikon zinaandika seriali ndani ya picha, linganisha na iliyoandikwa kwenye bodi, zikipishana uliza maswali.

Na wewe muuzaji ingia kwenye menyu ufute jina lako, wengi tunaandika majina na namba za simu kwenye sehemu ya haki miliki halafu tunasahau, miaka mitatu baadaye unapigiwa simu kuulizwa picha za harusi ya Singida ambayo hukwenda. Memori kadi usimpe hata kama ni ya bure, kuifomati hakufuti picha kweli kweli, na humo kuna sura za wateja wako.

Kijana_wa_Mabibo

Nimecheki, mapigo ya shata ni elfu 61 na kitu. Na kweli jina langu lilikuwepo pamoja na namba ya zamani, nimefuta. Tangazo nimeliandika upya, nimeweka picha ya f/16 ya kabla na ya baada, nimeandika wazi ni D600, viwili vimebaki hapa, kona hii. Nimeacha ile ile 1.2.

Dalali_Mstaafu

1.2 na umeshamwandikia mnunuzi sababu za kukushusha. Haya.

Bi_Shungi_Unguja

Dalali mwache mwenzio, mimi ningemwamini huyu kuliko aliyeandika "mpya kabisa haina doa".

Moro_Kwetu

Kaka kama bado ipo mimi napiga graduesheni na picha za familia hapa Morogoro, f/22 sina kazi nayo. Ijumaa nakuja Dar. Nitumie ile ya f/16 kama dokyumenti na moja uliyopiga mtu kwa f/2. Hiyo raba ya kidole gumba inabandika au? Laki tisa na lenzi yake naondoka nayo.

Kijana_wa_Mabibo

Bado ipo mkuu, picha nakutumia sasa hivi. Raba inabandika vizuri tu kwa ile gundi ya gamu ya pande mbili, nitaibandika kabla hujaja. Laki tisa hiyo ni bodi tu kaka, lenzi peke yake unajua bei yake. Fanya mil na laki moja na betri zote mbili, njoo inboksi tupange Ijumaa tunakutana wapi.

Moro_Kwetu

Mil kamili. Nauli na mimi natoa.

Kijana_wa_Mabibo

Njoo inboksi.